Makosa Matatu kwa Kila Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeonewa. Naandika nikiwa bado na hasira.

Mkurugenzi wa hospitali alituita wasimamizi wote ukumbini akatutambulisha kwa mgeni. Mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani, begi limejaa makaratasi. Amekuja kupima utamaduni wa kujifunza kazini. Nikadhani ni mambo ya kugawa vyeti. Kumbe anataka kujua kama sisi, watu wazima wenye watoto, tunajifunza kutokana na makosa yetu! Atazunguka idara zote tisa na dodoso lake la kurasa kumi na mbili. Msimamizi wa idara itakayoongoza atateuliwa kuwa Mratibu wa Mafunzo wa hospitali nzima.

Mratibu wa Mafunzo ana ofisi. Ofisi ina mlango. Mimi ninaendesha idara ya kufulia mwaka wa kumi na moja sasa, na meza yangu iko kati ya mashine ya kukamua na kapu la gauni zenye damu. Nikiandika barua, karatasi inalowa mvuke kabla sijafika kwenye "Yah". Ofisi ile ni yangu. Nimeshachagua rangi ya pazia.

Mgeni nimempa jina. Bibi Dodoso.

Alianza na mimi. Akaomba daftari la makosa. Kila idara inalo, ni agizo la siku nyingi: mtu akikosea au akiona hatari anaandika, msimamizi anasoma, anarekebisha. Nikamkabidhi langu kwa maringo yote. Safi! Miaka mitatu, hata mstari mmoja hakuna. Akalifungua, akalifunga, akaniuliza kama humu ndani wanafua malaika. Nikamwambia karibu na hapo, mama. Akaandika kitu kirefu.

Mchana nikasikia habari za Sufuria. Huyo ni msimamizi wa jiko, mtu wa tumbo na kicheko, hasimu yangu tangu tugombanie toroli. Daftari lake limejaa mpaka kwenye jalada. Supu iliyotiwa chumvi mara mbili. Mgonjwa wa kisukari aliyepewa chai ya mwenzake. Kidole cha mpishi. Aibu tupu! Na Bibi Dodoso amemsifu mbele za watu. Eti daftari tupu halimaanishi kwamba watu hawakosei, linamaanisha kwamba wanaogopa.

Wanamwogopa nani? Nimemuuliza Mkamuaji, jamaa wangu wa mashine ya kukamua, kama ananiogopa. Amesema hapana mkuu, huku amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umepatikana! Tatizo ni daftari tupu. Basi lijazwe.

Saa ya chai niliwakusanya wote saba. Nikawaambia: makosa matatu kwa kila mtu, mwisho keshokutwa asubuhi. Ya kweli, ya kubuni, shauri yao, mradi yamguse msomaji. Mkamuaji akauliza, kwa sauti ya chini, kama itakuwa sawa na yule mwenzao wa zamani aliyeandika kwamba ameunguza shuka sita, nikamhamishia kwenye mifuko myekundu ya wodi ya maambukizi mpaka akaacha kazi mwenyewe. Nikamweleza kwa upole kwamba ile ilikuwa adhabu. Hii ni utamaduni.

Shemeji naye akanyoosha mkono. Huyu ni binti, mdogo wake mke wangu, nilimwingiza kazini mimi mwenyewe, na ndiye anayelisha rola. Rola ndiyo pasi yetu. Magogo mawili ya chuma yenye mvuke ndani, shuka inaingia mbichi huku na kutokea kavu kule. Mbele yake kuna ubao mwekundu wa usalama. Ukiuegemea tu, mashine inasimama. Na hapo ndipo ulipo ujinga wenyewe, maana kila mwenye tumbo anauegemea! Kwa hiyo tangu Januari nimeamuru ufungwe kwa ukanda wa shuka kuukuu usisogee. Kwa muda tu. Tulikuwa tunapiga pasi shuka mia mbili na tisini kwa siku, sasa ni mia nne. Sijasikia mtu akinisifu kwa hilo.

Shemeji aliuliza kama anaruhusiwa kuandika jambo la kweli. Nikamwambia aandike chochote, ila mwandiko usomeke.

Jumatano, 6 Machi

Makosa yanayoletwa hayana ladha kabisa. "Nilichelewa dakika mbili." "Nilisahau sabuni." "Nilisahau sabuni tena." Hivi hawa watu wamekosa nini katika maisha yao?

Ikabidi niwafundishe. Mchana nikasimama juu ya kreti la sabuni nikawatolea mfano: meno ya bandia ya mgonjwa yalisahaulika ndani ya foronya, yakafuliwa, yakakamuliwa, yakapigwa pasi, yakarudishwa wodini yamekunjwa vizuri. Wakacheka. Ni mara ya kwanza wanacheka nikiwepo. Sikupenda.

Nikaongeza makosa kumi na moja mimi mwenyewe, kila moja kwa mwandiko wake. Mawili kwa mkono wa kushoto. Mkono unaniuma mpaka sasa.

Halafu nikaenda jikoni kupeleleza, kisingizio nimefuata aproni chafu. Sufuria akanikuta nimeinamia daftari lake. Badala ya kunigombeza akanivutia kiti! Akasema nisome taratibu, na kama kuna la kunifaa ninakili. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisoma kurasa nne.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji ameleta yake. Nanakili hapa neno kwa neno:

"Ubao wa usalama wa rola umefungwa kwa kitambaa kwa amri ya msimamizi. Jana shuka ilijiviringisha kwenye mkono wangu ikanivuta. Niliusukuma ubao kwa tumbo, mashine haikusimama. Nimepona kwa sababu shuka ilikuwa kuukuu ikachanika. Naomba ubao ufunguliwe leo. Kosa la pili: hilo la kwanza. Kosa la tatu: hilo la kwanza."

Mwili ulinisisimka! Nani angejua kwamba mtoto huyu ana kipaji? Ile "shuka ilikuwa kuukuu ikachanika" hata mimi nisingeifikiria. Ila hayo makosa ya pili na ya tatu ni uvivu, na nimemwambia hivyo.

Kuna doa moja. Hayo maneno "kwa amri ya msimamizi". Ya nini kutajana? Nimeyapaka wino mweupe, juu yake nikaandika "na mtu asiyejulikana". Chini nikaweka kalamu nyekundu: Hongera sana! Na sahihi yangu, ile ndefu.

Jioni Shemeji alipita nyumbani. Mke wangu akamshika mkono, akaupandisha mkono wa gauni, akaniita nije nione. Alama nyekundu kuanzia kiganjani mpaka juu ya kifundo. Mke wangu akasema kesho asubuhi niufungue ule ubao. Nikamwambia nitaufungua, ukaguzi ukiisha. Nikiufungua sasa, hesabu ya shuka itaanguka wiki ileile ambayo Bibi Dodoso anahesabu! Akasema mikono ile ni ya mdogo wake, mama yao alimkabidhi yeye, na wala haijui hizo hesabu zangu. Nikasema nimesikia. Akasema kusikia ninasikia sana. Sijui alikuwa na maana gani.

Ijumaa, 8 Machi

Bibi Dodoso amerudi. Nikampa daftari, makosa thelathini na mawili! Akavaa miwani. Ukurasa hadi ukurasa anapiga picha kwa simu. Kwenye meno ya bandia alinitazama kidogo, sikumtazama.

Kwenye Shemeji akasimama. Akasoma mara mbili. Akakwangua ule wino mweupe kwa ukucha, kidogo tu, akaacha. Akaniuliza kama ubao umeshafunguliwa. Rola inanguruma nyuma ya rundo la shuka, hatua ishirini kutoka tulipo. Nikamwambia suala lipo kwenye utekelezaji, fundi ameshaarifiwa. Fundi hajui lolote. Akataka kwenda kuona kwa macho yake. Nikamwambia mvuke ni adui wa miwani. Akasema miwani ni yake. Mungu si mbaya, simu yake ikaita, mkurugenzi anamsubiri. Akasema basi, atakuja kuuona Jumanne saa nne kamili.

Jumanne saa nne. Vizuri. Nitaufungua Jumanne saa tatu na nusu. Nusu saa ya kupoteza, hasara ya shuka kama ishirini na tano, sina neno.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepita kwenye ofisi ya Mratibu, nikapima mlango kwa shubiri. Meza yangu haitapita bila kung'olewa miguu. Ing'olewe.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amenitia aibu mbele za watu. Asubuhi kabla ya kuwasha rola akauliza, kwa sauti ya kusikika, ubao unafunguliwa lini. Nikamwambia kesho saa tatu na nusu. Akauliza kwa nini isiwe sasa, fundo lenyewe ni moja. Wote wametega masikio. Basi akaomba ahamishiwe kwenye kukunja. Nikakataa. Hakuna anayelisha rola haraka kama yeye, na nilimwambia hivyo, maana mimi mtu akistahili sifa nampa.

Akaniangalia sana. Akasema shemeji, mimi nakuheshimu. Kisha akakunja mikono ya sare yake mpaka juu ya viwiko akaenda kuwasha mashine. Heshima bado ipo kwa vijana wetu.

Jumanne, 12 Machi

Saa mbili na robo asubuhi. Nilikuwa mezani nachora kibao cha jina langu cha kuweka mlangoni.

Nikasikia sauti. Sitaiandika.

Mkamuaji ndiye aliyezima mashine, kwa swichi kubwa iliyo ukutani upande wa pili. Ni hatua kumi na nne. Nimekwenda kuzihesabu baadaye. Alizikimbia akiwa peku, viatu vilimtoka njiani. Wengine walikuwa wamemshika Shemeji kiunoni wanamvuta na kulia. Tumbo lake lilikuwa bado linausukuma ule ubao. Mashine imeshazimwa, na yeye bado anausukuma.

Mimi nilichukua mkasi nikakata kitambaa. Sijui kwa nini. Watu wanautoa mkono wa binti wa watu, mimi nakata kitambaa. Nikakitia mfukoni.

Bibi Dodoso alifika saa nne kamili kama alivyosema. Ubao ulikuwa umefunguliwa.

Nimelia chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili ni langu na halisomwi na mtu.

Jumatano, 13 Machi

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Cha nne daktari bado anakitazama.

Mke wangu alitoa suruali yangu kwenye nguo chafu akakuta kile kitambaa. Nimekikuta kimewekwa mezani, pembeni ya sahani yangu, kimekunjwa. Ndoo yake ya kuogea na khanga zake mbili hazipo. Yuko wodini kwa mdogo wake, anamwosha na kumlisha.

Nimekwenda kumwona mgonjwa. Shuka aliyolalia ilikuwa imepigwa pasi mkunjo mmoja umepinda. Nikainyoosha. Mke wangu akaniambia niache.

Nilikuwa nimeandaa karatasi fupi, si ya ubaya, ya kutulinda sote. Inasema kwamba maandishi ya tarehe 7 yalikuwa zoezi la uandishi. Shemeji aliisoma yote. Ametulia sana siku hizi, nadhani ni dawa. Akasema, "Shemeji, nilikuandikia."

Nikamwambia najua, na uliandika vizuri mno.

Mke wangu akatoka nje. Mimi nikaeleza kwamba kwa kuwa kusaini hakutawezekana, dole gumba la kushoto linatosha, na wino ninao. Shemeji akauingiza mkono wa kushoto chini ya shuka akageukia ukutani. Sikumlazimisha. Mimi si mtu wa kulazimisha mgonjwa.

Alhamisi, 14 Machi

Kamati. Mkurugenzi, daktari mmoja, Bibi Dodoso, na Sufuria akiwakilisha wasimamizi. Yaani Sufuria anikalie kikao!

Nilifika bila daftari. Nikasema limelowa maji, halisomeki. Na lililowa kweli, nililitia kwenye mashine mwenyewe, nyuzijoto tisini. Bibi Dodoso hakubishana. Akaweka simu mezani, picha hiyo hapo, ukurasa mzima. Nilisahau kabisa habari ya picha!

Akauliza wino mweupe ni wa nani. Nikasema ni wa ofisi. Akauliza sahihi nyekundu ni ya nani. Nikasema hiyo inaonyesha tu kwamba nimesoma. Daktari akadakia, kwa hiyo ulikuwa umesoma, siku tano kabla. Mtego huo! Nikasema nilisoma kwa jicho la lugha zaidi.

Sufuria aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na nikaona anafuta macho. Mtu mzima, analia kwa jambo lisilo la idara yake. Baadaye kwenye korido alinishika bega akaniambia twende pamoja nikamwombe radhi mke wangu, kisha tukamwombe yule binti. Nikamwambia asubiri kwanza matokeo yatoke.

Mkurugenzi alikuwa na swali moja tu: rola itawashwa lini, maana wodi zimeishiwa shuka. Nikamjibu bila kusita, Jumatatu ya wiki baada ya ijayo. Hilo peke yake nililijibu sawasawa.

Ijumaa, 15 Machi

Matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma ya watu.

Kuandika makosa: kufulia ni ya kwanza. Kati ya idara tisa! Bibi Dodoso ameandika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajakutana na ripoti ya hatari iliyo wazi kuliko ile ya mlisha rola wa idara ya kufulia. Nilitamani kuwaonyesha watu kwa kidole.

Kufanyia kazi kilichoandikwa: kufulia ni ya tisa.

Sufuria kapewa ofisi. Mimi nimepewa onyo la maandishi na mafunzo ya siku tatu. Nabaki kwenye nafasi yangu kwa sababu hakuna mwingine anayezijua mashine zile. Wa kwanza ni wa kwanza, waseme watakavyosema.

Nilipeleka habari wodini. Mke wangu alisimama mlangoni, hakunipisha. Cha nne kimekatwa asubuhi. Akaniuliza kama najua mdogo wake alikuwa anasuka nywele za nusu ya mtaa, kila Jumapili, na kwamba ndiyo ilikuwa furaha yake. Nilikuwa sijui. Miaka minane anakaa kwetu kila Jumapili, na nilidhani wale wanawake wanakuja kupiga soga. Nikarudi nyumbani, nikala mkate mkavu, nikajisikia mtu mbaya mpaka saa tatu.

Alhamisi, 21 Machi

Mafunzo yamekwisha. Mwalimu alikuwa Sufuria, kwenye ofisi ile, mlango umefungwa nisitoke. Siku ya mwisho akataka kila mmoja aseme jambo moja alilojifunza. Mama wa stoo akasema atakuwa anasoma daftari kila asubuhi kabla ya chai. Dereva wa gari la wagonjwa akasema ataomba radhi kwa mtu fulani. Mimi nikasema, mawasiliano.

Nimepewa cheti. Nimekitundika juu ya meza yangu, mvuke umeanza kukikunja.

Jumatatu, 25 Machi

Rola imewashwa tena. Fundi ameurekebisha ubao, ameupaka na rangi mpya. Umesimamisha mashine mara tisa kabla ya saa nne! Mara tisa. Wodi ya wazazi wanapiga simu. Chumba cha upasuaji wanapiga simu. Mkurugenzi kapiga mwenyewe. Shuka zimerundikana mpaka dirishani, na mimi nina mikono miwili tu.

Nimeufunga. Kwa muda tu, mpaka rundo lipungue. Mkamuaji aliniona nikipiga fundo. Akavua sare, akaiweka juu ya mashine yake, akatoka nje bila kuaga. Hajarudi. Nimeandika kwamba ametoroka kazini.

Saa nane ameletwa mwanamke wa kuchukua nafasi ya Shemeji. Mjane, ana watoto watatu, mikono mizuri yenye nguvu. Anashika haraka. Nilimwonyesha mara moja tu, akaanza kulisha. Akauliza ule ubao ni wa nini. Nikamwambia ni wa kuegemea akichoka.

Halafu nikamuuliza lile swali ambalo siku zote nasahau kuwauliza watu kabla ya kuwapa kazi, kama anajua kusoma na kuandika. Akaona haya. Akasema hapana kaka, ni jina lake tu, nalo kwa tabu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa hatuna maandishi mengi.